Wimbo Wako Umeokoka

Beltsville, Maryland
Jumapili jioni

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mguu wako unasemaje na baridi hii? Ndugu yangu Kioko aliniambia umeanza kufika shambani bila fimbo, nikafurahi sana. Mimi ni mzima. Wazee ninaowatunza kazini bado wananiita majina ya watoto wao, na mjukuu wako Mwende amenipita urefu. Kiswahili anakielewa, ila kujibu ni kwa kuchanganya na Kiingereza.

Sasa kaa vizuri nikuchekeshe, ingawa mimi mwenyewe sicheki. Leo kanisani vijana walileta wimbo mpya wa sifa, kazi ya Mwende, mwenyewe akipiga kinanda. Mstari wa kwanza tu, nikashika kiti cha mbele yangu. Baba, ulikuwa ule wimbo wako wa Katumbi, mhudumu wa baa aliyekuacha na chupa mbili mezani akaondoka na dereva wa lori! Wamemtoa Katumbi, wakamweka Bwana Yesu. Muziki wote ni wako, hata pale gita linapopanda na watu kushindwa kukaa. Kanisa zima lilishindwa kukaa.

Ibada ilipoisha nikamvuta Mwende kando. "Wimbo huu umeutoa wapi?"

"Mum, si ni wako? You hum it every morning ukipiga pasi uniform. Mimi nimeadd tu drums."

Sikujua, Baba. Miaka yote hii nimekuwa nikiuimba bila kujisikia.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya Mwende. Mstari wa mbele alikaa Mzee Nzioka, amekuja kumtembelea mwanawe Germantown. Ndiyo, Nzioka yule yule, mzee wa kanisa aliyekuja kwetu nikiwa darasa la nne, na Biblia kubwa kama tofali, akakwambia uchague gita au Meza ya Bwana. Leo alikuwa na mikono juu, machozi mpaka kwenye tai. Kisha akasimama kushuhudia kwamba nyimbo za kidunia zinapotea, lakini huu umeshuka moja kwa moja kutoka mbinguni. Umeshuka kutoka baa ya nyuma ya soko, mnafiki mkubwa!

Nikaombwa nimrudishe Germantown kwa gari langu. Sikungoja hata tufike barabara kuu.

"Mzee, ule wimbo ni wa baba yangu. Ni ule wa Katumbi."

Nilitegemea ashtuke. Akavua miwani, akaifuta polepole. "Najua. Niliujua kabla mtoto hajafungua mdomo."

"Uliujulia wapi, na wewe baa hukuingia?"

"Nilikuwa nasimama nje, nyuma ya ukuta. Kila Jumamosi. Baba yako Musyoka alikuwa anapiga gita, weh!" Halafu akashusha sauti. "Lakini mwanangu, usimwambie baba yako. Hayo ni mambo ya zamani."

Baba, nilimdharau mtu yule. Angekuwa anauchukia ule wimbo, ningemwelewa. Aliupenda, na bado akakunyang'anya. Nilimshusha mlangoni kwa mwanawe, nikakataa chai yao.

Na kwa kuwa nimeanza, acha nimalize. Hata wewe nilikudharau. Ulimtii. Nilikuona jioni baada ya jioni, vidole vikicheza juu ya paja na gita liko chini ya kitanda, nikasema moyoni, baba yangu ni mwoga. Nisamehe kwa kuliandika, lakini silifuti. Umri umesonga na vidole havikungoji. Nimemwambia Kioko alitie hilo gita nyuzi mpya. Usimgombeze, ni agizo langu.

Nisalimie shangazi Nduku, mwambie dawa yake ya macho imeshatumwa. Mke wa Kioko pia, na mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba.

Nzioka anarudi huko mwezi ujao, na najua atapita kukujulia hali. Ukimwona langoni usimtolee kiti. Kaa wewe, upige Katumbi mwanzo hadi mwisho, na yeye asimame nje asikilize, kama alivyozoea.

Mwanao anayekupenda kwa hasira,
Mbithe