Miezi Minane ya Wakili Kimanzi

Kangemi, Nairobi
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Mpendwa Senge Janice,

Kabla hata sijakusalimu, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Likizo hii, kila nikiaga kwamba ninaenda maktaba mjini, huwa naishia kwenye benchi la nyuma la mahakama ya rufaa. Hakuna anayeniuliza kitu. Nasikiliza, naandika, narudi nyumbani.

Sasa, hujambo? Goti limepona? Nasikia huko Edmonton watu hubeba sweta hata wakati wa joto. Sisi tu wazima. Baridi imempa baba kikohozi, lakini karakana anaifungua kila asubuhi. Mimi najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya benki. Baba anataka kuweka rehani shamba la Naitiri, na kwa kuwa mlilirithi nyinyi wawili, kaka na dada, sahihi yako inahitajika. Sababu unaijua: ile mashine yake ya kusukuma chapati. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi huo, ni yake, Mahakama Kuu ilikubali hivyo, lakini kampuni iliyomwiga ilikata rufaa, na hadi rufaa iamuliwe inaruhusiwa kuendelea kuuza. Bila mkopo karakana itafungwa tukingoja.

Majaji walishasikiliza pande zote mbili, wakasema hukumu itatolewa kwa taarifa. Maana yake, siku watakayokuita ndiyo siku. Sina kinyongo nao. Angalau hawakuahidi kitu. Aliyeahidi ni wakili wetu.

Wiki jana baba alinichukua twende ofisini kwa wakili, Westlands. Senge, ungemwona huyo Wakili Kimanzi! Ana kiti kinachozunguka, naye hukizungusha kila anapofikiri, kana kwamba bila hivyo akili haiwaki. Alitugeuzia skrini ya mashine yake ya kukadiria muda wa kesi, yenye mistari ya rangi.

"Mzee Were, miezi minane," akasema. "Mashine imesoma kesi zote. Haya si maoni yangu, ni data."

"Minane kweli?" baba akauliza.

"Ikizidi sana, tisa. Chukua mkopo wa mwaka mmoja, mzee, ulale usingizi."

Nilitaka kuuliza swali. Unanijua, nikaanza kukunja kona ya daftari. Akaniona nikihangaika.

"Na huyu madam, yuko kidato gani?"

"Cha nne."

"Basi soma upite. Hesabu za korti tuachie sisi."

Baba akacheka pia. Hilo ndilo lililoniuma.

Baba alipokuwa akingoja lifti, nilirudi mapokezi kwa Debra, karani anayeiendesha hiyo mashine, nikamnong'oneza swali langu: kesi ambazo bado hazijaamuliwa wameziweka wapi?

"Hizo?" akasema. "Hizo hazina tarehe ya mwisho, mrembo. Mashine inaziruka."

Inaziruka! Ni kama kusimama mlangoni mwa kliniki ukawauliza wanaotoka walingoja muda gani, halafu wale ambao bado wamekaa kwenye benchi, wengine tangu alfajiri, ukajifanya hawapo. Tena Debra aliniambia kesi za hataza zilikuwa chache mno, kwa hivyo wakajazia na za majina ya biashara, pamoja na zile ambazo wenyewe waliziondoa kortini mapema. Mpishi wa shuleni kwetu huongeza maji kwenye maharagwe kwa njia hiyo hiyo, lakini yeye haiiti data.

Hawa ni watu wenye digrii za fremu ukutani, na hawakujiuliza swali ambalo mtoto angeuliza. Au walijiuliza, wakaona kwamba mteja mwenye matumaini hasumbui. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kwa niliyoyasikia kortini na hukumu nilizosoma, nikizitia na zile zinazongoja, mimi naona miaka miwili, labda hata mitano. Hilo nalo nalisema kwa woga, kwa sababu kesi zenyewe ni chache na hata mtu mwaminifu hawezi kukadiria vizuri. Lakini mkopo wa mwaka mmoja hautangoja. Na Kukhu, mama yenu, anaishi kwenye shamba hilo. Siku ya kumtoa, benki haitauliza mashine ya Kimanzi ilisema nini.

Sikuombi umkatalie baba. Ni kaka yako, na mashine yake ni nzuri kweli. Ninachokuomba ni usitie sahihi kwa sababu ya miezi minane.

Nisalimie Mjomba Mutie na mapacha. Kukhu anasema umpigie simu jioni, mchana huwa yuko kwenye mahindi. Mungu aliyekufikisha huko akulinde, na siku moja akurudishe Naitiri ukute mlango ni ule ule.

Wako akupendaye, hata nikiwa mbali na kimya,
Joyline Namalwa

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika jina langu niliona haya kumficha baba, nikampelekea barua karakanani. Aliisoma yote akiwa amesimama, akarudia kusoma pale nilipotoa mfano wa kliniki. Baadaye akanirudishia, akaniuliza kama stempu zinatosha. Nikamjibu zinatosha. Sasa naifunga bahasha, niwahi posta kabla ya saa sita. Doa la grisi pale pa kliniki ni la kidole chake.