Wadi Yangu Imehamia Kongo

Elieth, acha unachofanya usome hapa.

Nilikuwa namimina chai ya saa nne kama kila siku, mara bosi Longinus akaita akiwa mbele ya kompyuta yangu: "Anifa! Wadi ya wazazi ya Kasulu inafanya nini Kongo?"

KONGO, Elieth. Nilitumia faili la zamani la Kigoma mjini, nikasahau kwamba Kasulu tumo kwenye kanda nyingine ya ramani. Nilipopanga jengo nililolichora juu ya mchoro wa kiwanja, pale kwenye kompyuta, likaruka kilomita mia sita na zaidi.

Na aliyekaa pembeni ni nani? Lukmani! Mpima ardhi wa Kibondo, yule unayesema anakuja kwa ajili yangu nami nakubishia.

"Imevuka ziwa bila kibali," akasema. "Wajawazito wetu sasa wabebe pasipoti?"

Ofisi nzima ikacheka. Mimi nikaikodolea macho chai.

Kisha akanionyesha polepole mahali pa kubadilisha kanda. Wadi ikarudi, ikakaa sawasawa juu ya vigingi vyake.

Ndipo bosi akamgeukia. "Lakini wewe, namba hizi za vipimo vya kiwanja si ungezituma kwa simu? Kila Ijumaa pikipiki kutoka Kibondo, kwa karatasi moja?"

Lukmani, mwenye maneno yote yale, akaanza kuizungusha helmeti yake mapajani.

Mbele ya watu wote, Elieth. Mbele ya bosi!

"Namba zingefika kwa simu, mzee. Mimi huwa nakuja kumwona Anifa."