Uso Alioondoka Nao Semeni

Jumatatu, 4 Agosti

Saluni tangu saa mbili asubuhi. Bibi harusi wa Jumamosi alikuja kujaribu mekapu, kaja na shangazi yake na picha chungu nzima kwenye simu. Anataka uso wa kila picha. Nimempa mmoja. Kama kawaida nimemwambia asifumbe macho. Wateja wanadhani ndio mtindo wangu wa kazi, na Mama Joy, anayesuka kwenye kona ya pili, ameshaacha kuuliza. Wanja napaka macho yakiwa wazi. Kope nabandika macho yakiwa wazi. Machozi yakitoka, nafuta. Sitaki kumwona mtu amefumba macho chini ya mkono wangu.

Mchana simu. Kijana anaitwa Deo, anatayarisha kipindi cha televisheni cha matukio ya wasanii yasiyosahaulika. Mwezi huu Semeni anatimiza miaka kumi tangu afariki. Wanataka niende studio nimpake binti mmoja uso uleule, mbele ya kamera. Uso wa kwenye jeneza.

Nimesema ndiyo. Sijui kwa nini. Muongo mie, najua. Nilifurahi kukumbukwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na hasira. Ile picha ya kila Agosti, mwaka huu imeanza kuzunguka mapema. Mpaka saa nne nilikuwa nimeshatumiwa mara nne. Semeni amelala ndani ya jeneza jeupe, pamba puani, midomo ya kijivu, shada la maua kifuani. Chini wameandika: pumzika dada yetu.

Watu wanaamini ndiye yeye siku ya msiba wake. Siye. Ni filamu. Aliigiza mke wa mchungaji, anaagwa kanisani. Semeni mwenyewe alikuwa Mwislamu, mtoto wa Tandika, na alipokufa kweli miezi minne baadaye alizikwa siku ileile alasiri, ndani ya sanda. Mashabiki waliojaa barabarani hawakuuona uso wake. Wiki chache mbele filamu ikatoka, na hapo ndipo walipomuaga. Vibanda vya video vya Manzese, vya Mbagala, kote watu walilia kama wako chini ya turubai la msiba. Ndiyo maana hawaiachi ile picha. Hawana nyingine.

Uso ule ni kazi yangu. Wateja wangu wa kwanza wa maana walikuja kwa sababu yake. "Ndo wewe ulompaka Semeni?" Nilikuwa naitika kwa tabasamu.

Aliugua homa siku tatu. Homa ndiyo iliyomuua, daktari alisema. Nalijua hilo. Najua na jingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeandika daftari hizi miaka mingi na hili sijawahi kuliandika. Leo naliandika.

Lokesheni tulikuwa na utaratibu wetu. Anayeigiza kufa haondoki na uso wa maiti. Ni uchuro. Kamera ikizimwa, mpambaji anamwosha uso palepale kwa maji safi, anamwita mara tatu kwa jina lake la kweli, si la kwenye filamu, na yeye anaitika. Kisha anakula kitu kitamu. Waongozaji walitucheka, lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema turuke. Na hiyo kazi ya kuosha na kuita ilikuwa yangu.

Siku ile ilikuwa Aprili, mvua inanyesha. Mwenye jeneza alishakuja kulichukua mbiombio, limepata mtu. Mie nilikuwa na bibi harusi Kigamboni, na foleni ya kivuko naijua. Nikampa Semeni pakiti ya tishu za maji, nikamwambia atajifuta kwenye gari. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, pamba bado ziko puani, anacheka.

Akaniambia, "Zu, hujaniita."

Nikamjibu, "Kesho."

Lile lilikuwa tukio la mwisho la filamu. Kesho hapakuwa na kazi. Tulizungumza kwa simu mara mbili tatu baada ya pale, umbea tu na vicheko. Sikumwita. Nilisahau. Nilikumbuka siku nilipopigiwa simu ya msiba, na tangu siku hiyo sijasahau tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Bibi harusi alisinzia kitini. Nilikuwa nachanganya rangi, nikageuka, nikamkuta kichwa kimelala nyuma, macho yamefumbwa, mdomo umeachama kidogo.

Nilipiga ukelele. Shangazi mtu akaruka. Nikasema nimeungua na pasi ya nywele. Bibi harusi wa watu akalia, nikaanza wanja upya. Katoka mzuri. Shangazi kaniangalia vibaya mlangoni na ana haki.

Jumapili, 10 Agosti

Sikutoka. Nimefua. Picha imekuja mara sita.

Jumanne, 12 Agosti

Deo amekuja saluni. Kijana mstaarabu, shikamoo yake ya kutoka moyoni. Alikuja na Rehema, binti atakayepakwa. Mwigizaji chipukizi, ana kidevu kama cha Semeni, na kila anaponiangalia anatabasamu. Kwake hii ni bahati. Nikamuuliza kama mama yake anajua. "Mama ndo atafurahi, anti, naonekana tivii."

Kisha Deo akatoa alichofuata. Anamtaka mama mzazi wa Semeni. Akae pale studio, aangalie mekapu mpaka iishe, kamera imchukue usoni binti atakapofumba macho. Mama amemkatalia kwenye simu mara mbili. Mie ananijua, niende nikamwombe.

Nikasema nitakwenda. Ulimi wangu huu sijui nani kaniroga nao.

Kwa Mama Semeni sijakanyaga tangu msibani. Siku ile nilikaa nyuma kabisa karibu na masufuria na nikaondoka kabla wali haujapakuliwa. Miaka kumi namkwepa mwanamke ambaye hajawahi kunikosea.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefika Tandika. Nyumba ileile, rangi mpya. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Nilimwona amekaa mkekani anachambua mchele, miwani imeshuka puani. Amezeeka. Anachambua polepole, anarusha chuya kwa kuku bila kuangalia.

Sikupiga hodi. Niligeuka.

Deo kapiga jioni, nikamwambia simu ilikuwa haina chaji. Mwoga.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa saba mchana. Wanaume wako msikitini, mtaa umetulia, Mama Joy kaenda kutafuta chakula. Nilitaka kujua kama mkono bado unakumbuka. Hakuna mtu wa kumjaribia. Nikajikalisha mbele ya kioo.

Manjano kwanza, uso mzima. Kijivu chini ya macho na pembeni mwa pua. Zambarau kidogo, kidogo sana, kwenye midomo. Poda ya kukausha, ngozi isimeremete, maana aliye hai ndiye anayemeremeta. Mkono haukuuliza kitu. Nikaweka na pamba. Nikafumba macho nijue Semeni alikuwa anasikia nini mle ndani.

Nilimsikia. Maneno mawili yaleyale, kwa sauti ileile ya kunitania.

Sijui nilikaa vile muda gani. Nilifumbua macho kwa kishindo cha chipsi kuanguka sakafuni. Mama Joy alikuwa mlangoni anamtaja Yesu. Nikamwomba aniite. Nilimwomba kweli, kama mtoto. Niite jina langu. Akagoma, akarudi nyuma mpaka barazani, anasema yeye hamwiti mtu mwenye sura hiyo.

"Nenda kanawe kwanza, Zuhura. Kanawe, halafu tuongee."

Akawa ameniita bila kutaka. Nikaitika. Nikanawa mpaka ngozi ikauma.

Nimemweleza yote. Ni mtu wa kwanza. Aliokota chipsi moja moja. Akasema yeye siye wa kuambiwa haya, niende kwa mama yake Semeni.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda. Leo nilipiga hodi.

Mama Semeni alinitambua kabla sijavua viatu. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu, umenenepa. Hakuuliza nilikuwa wapi miaka yote. Alinimiminia chai ya tangawizi, akaendelea kukunja nguo. Nilikuwa nimepanga kuanza na habari za watoto, za afya. Sikuweza. Nilisema yote kwa mara moja, mvua, jeneza, pakiti ya tishu, hujaniita, kesho. Kipindi cha Deo sikukitaja. Nilikuwa nimekisahau.

Hakuacha kukunja. Alimaliza kanga, akaiweka juu ya nyingine, akaipigapiga.

"Alikuja na sura hiyo hapa," akasema. "Hukujua?"

Sikujua. Semeni hakuniambia kamwe.

Alisema ilikuwa baada ya magharibi. Alisikia mlango unagongwa, akafungua, akamkuta mwanawe amesimama kizingitini, macho kafumba, pamba puani, analowa. Kafanya makusudi kumtisha mama yake. Tishu zangu ziko mkononi, hata hajaifungua pakiti. "Nikamwita. Nikamwita, nikamwita, sijui mara ngapi, majirani wote walitoka. Ndo akafumbua macho akacheka, akaitika. Abee mama."

Alimzaba kofi. Kisha akamkalisha hapohapo uani akamwosha kwa ndoo na sabuni ya kufulia, maana rangi yangu haikuwa na adabu, haitoki. Pamba alizitoa kwa vidole vyake mwenyewe. Semeni alikuwa anacheka muda wote na kulalamika povu linaingia machoni. Akala kaimati tamu zilizobaki asubuhi, akalala na kichwa mapajani kwa mama yake, mwanamke mzima yule.

Nililia. Yeye hakulia.

Akasema siku ya kumwosha kweli hakuweza kuingia chumbani. Waliingia wadogo zake, na watu walimsema, mama gani huyu. "Waseme. Mie nilishamwosha."

Nikadhani amemaliza. Akavua miwani, akaifuta na pindo la kanga, muda mrefu.

"Ila nilimwambia neno siku ile. Nilipompiga. Nilimwambia, unajichuria, utakufa kweli. Kwa mdomo wangu huu. We umekaa na lako, mwanangu, mie nimekaa na langu."

Lilinitoka tu. "Mama, ilikuwa homa. Daktari alisema."

Akaniangalia. Alivaa miwani yake.

"Basi na wewe ilikuwa homa."

Tukanywa chai. Ilikuwa imepoa. Kanifungia mchele kwenye mfuko, nikakataa, nikachukua.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempigia Deo. Mama haji na mie sipaki. Kasema watamtafuta mpambaji mwingine, matangazo yameshatoka. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nikafikiria kile kidevu cha Rehema. Nimempigia Deo tena baada ya saa moja. Nimemwambia nitakuja, siji kupaka, nakuja kuosha. Hakuelewa. Kasema karibu anti.

Alhamisi, 21 Agosti

Studio asubuhi. Beseni langu, dumu la maji, taulo, halua kwenye karatasi. Mlinzi alidhani nimekuja kuuza chakula.

Mpambaji wao ni dada mdogo anayejiamini. Kampaka Rehema mweupe mno, kama chapati isiyoiva. Nilikaa nyuma ya waya. Walizima taa kubwa, wakawasha za buluu, mtangazaji akasema maneno ya huzuni, Rehema akafumba macho. Nilishika beseni kwa mikono miwili.

Kamera ilipozimwa nilikwenda kabla hajainuka. Watu wa taa walitazama, mmoja akacheka, Deo akamnyamazisha. Nimemwosha taratibu, paji la uso, mashavu, shingo. Maji yakageuka meupe. Nikamwita.

Rehema. Abee. Rehema. Abee anti. Mara ya tatu aliitika na halua mdomoni.

Kisha niliita jina jingine, kimoyomoyo, mara tatu. Miaka kumi nimechelewa. Nikasikiliza. Palikuwa na kelele za watu wanakunja nyaya.

Maji nimeyamwaga nje, chini ya mwarobaini.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo ndiyo siku yake. Picha imekuja tangu alfajiri, nimeacha kuhesabu. Moja nimeijibu, ya kundi la majirani. Nimeandika kwamba hapo alikuwa anaigiza, na kwamba jioni yake alikula kaimati. Hakuna aliyejibu. Mmoja kaweka mikono ya dua.

Mama Semeni anasoma dua saa kumi, kaniita. Nitakwenda nikimaliza hapa. Safari hii nitakaa mbele.

Bibi harusi wa leo ni mpole, mwalimu wa Kimara, kaja peke yake. Nilipoanza wanja akafumba macho, hajui masharti yangu. Mama Joy akaacha kusuka, akanitazama. Sikumwambia afumbue. Nilisimama na kalamu ya wanja, nikangoja sauti ile.

Feni tu. Nikapaka, nikaenda jicho la pili.