Mkono wa Mwenzako

Mpwa wangu mpendwa,

Koti limefika; nilivyokonda, linanimeza. Ananivisha yule mchomeleaji mwenzako. Ndiye pia anayenilisha uji tangu nguvu ziniishe; hata barua hii naiandika kidogo kidogo.

Nisife na hili moyoni. Viza ya kwenda ng’ambo kwa ufundi ilikuwa moja, ya atakayeshinda jaribio la kuchomelea. Mimi niliyewafundisha nilijua angeshinda yeye, si wewe. Asubuhi ile nilimvizia karakanani, nikampiga bomba la chuma kisogoni, nikamvika gunia kichwani. Nikaubana mkono wake wa kulia kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, nikaupiga nyundo mpaka nyundo ikawa inagonga chuma. Alilia, “Mwalimu! Mwalimu!” Nikadhani anaita msaada. Nikapiga tena.

Wewe ukapanda ndege, sisi tukabaki kulaani vibaka.

Leo nimemsomea barua hii hadi hapo, kabla ya kuifunga. Hakushtuka.

“Nilikujua kwa kikohozi chako, mwalimu. Nilikuwa nakusihi uache.”

Nikamwuliza kwa nini basi ananitunza. Alishika kijiko kwa vidole vyake vilivyopinda, akakisogeza hadi kikanigonga meno.

“Fungua mdomo, mzee. Uji unapoa.”

Nimefungua.

Mjomba wako