Siku Koku Alipokadiriwa Kodi

Mama Zuhura, dada yangu,

Siku ya mazishi yako sikupata kukutupia udongo. Kwetu Rubafu ningekutupia, maana sisi tunazikana kibanjani, katikati ya migomba, na kila mtu anasogea na konzi lake, mwanamke na mwanamume. Kwenu Waislamu wanaume walikubeba kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani tukisikiliza sauti zao zikishuka mteremko na kupotea. Nilikuwa nimemshika mkono binti yako Zuhura. Nikajisemea, mimi na Mama Zuhura hatujaagana. Ndiyo maana leo nimemwomba Koku karatasi, nikaketi. Kalamu yangu unaijua, ni ya darasa la saba la zamani. Ila darasa la saba la zamani ni sawa na chuo cha siku hizi. Nilikuwa nakwambia hivyo unacheka mpaka unashika mbavu.

Nina habari. Koku analipa kodi.

Nairudia, usije ukadhani mkono umeteleza. Binti yangu Kokushubira, ambaye watu wa Kibeta walimwita "maskini yule mtoto" kabla hata hawajamsalimia, anakadiriwa kodi na serikali kama wenye maduka ya mjini. Sisemi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu, wewe nitakuficha nini?

Nakumbuka ulivyohamia jirani. Koku alikuwa amemaliza shule, anashinda mlangoni akiota jua. Tangu ile homa ya utotoni miguu yake haikuamka tena. Nilishampeleka kujifunza kushona, cherehani ikadai miguu, tukarudi. Nikajituliza na zile pesa za kaya maskini tulizokuwa tunapewa kwa ajili ya hali yake. Nilizishukuru na leo nazishukuru, zilitununulia sabuni na chumvi, zikamtibu vidonda vya kukaa. Wewe ulikuja kuomba moto tu. Ukamkuta anamenya ndizi, ukasimama unatazama vidole vyake vinavyokwenda, ukasahau na moto wenyewe.

"Mama Koku," ukasema, "mikono hii mbona umeistaafisha?"

Kesho yake ukamwita chumbani kwako kwenye ile mashine ya kufuma masweta. Ukamwonyesha kile chuma kinachosukumwa kulia na kushoto, ukamwambia, "Hii haina haja na miguu. Inataka mikono na jeuri. Jeuri nadhani umeshairithi." Ulinitazama mimi ukisema hivyo. Mtu wa asili ya pwani, unakuja Bukoba kumtania Mhaya kwa jeuri! Sweta lake la kwanza lilitoka mkono mmoja mrefu kama bawa la bundi, sijui nisemeje, ulining'inia tu. Mwingine angelifumua. Wewe ulilivaa ukaenda nalo sokoni, na kila aliyecheka ukamjibu, "Hili ni la fundi Koku, foleni iko nyuma yangu." Kwa hilo peke yake nakwambia wakola munonga. Kwa Kiswahili asante sana, lakini ya Kihaya inanitoka ndani zaidi.

Ila unajua jinsi hofu ilivyotushika. Mtaani maneno yalikuwa mamoja: ukionekana una kazi, unatolewa kwenye kaya maskini. Koku akawa anafuma sweta moja, mawili, anapumzika. Akija mteja wa mengi anamwambia nyuzi zimekwisha, na nyuzi ziko chini ya kitanda zimejaa. Siku moja ulimsikia. Hukumgombeza. Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukamwambia, "Mwanangu, hizo pesa usizitukane, zimekulisha. Lakini usizilalie kama kuku aliyelalia mayai viza." Akanuna siku nzima. Kununa kwake unakujua, hata paka anatoka nje.

Ukaondoka ghafla. Arobaini ilipopita, Zuhura akaja na vijana wawili wamebeba mashine. Akasema, "Mama alishasema hii ni ya Koku, hata ndugu wote wanajua." Nikampikia ebitoke, ndizi zetu zile, na maharage, ndiyo majibu yaliyopatikana.

Kisha ikaja shule. Mtawa mmoja, mkuu wa shule ya wasichana huko Muleba, aliona sweta la Koku limevaliwa na mtoto stendi, akauliza mpaka akafika mlangoni kwangu. Anataka masweta ya shule nzima. Shule nzima, Mama Zuhura! Lakini shule haiwezi kumlipa mtu asiye na namba ya mlipakodi. Koku apate namba, afungue kibanda kinachojulikana, ndipo walipane.

Usiku huo hakula. Akaniambia, "Mama, shule ni ya mwaka mmoja. Wakipata fundi mwingine wananiacha. Pesa za kaya nikishatolewa, kurudi si rahisi. Nikianguka nitamshika nani?" Nikatazama upande wa nyumba yako, pamekaa wapangaji wengine, wamefunga dirisha. Hapo ndipo nilipokulilia kweli. Siku ya msiba kulikuwa na watu, nililia kilio cha watu.

Asubuhi Koku akaniambia nimwitie bajaji. Akaenda mjini, akarudi na namba. Akavuta nyuzi kutoka chini ya kitanda akaanza.

Wiki haikupita ukaitishwa mkutano wa mtaa wa kuhakiki kaya maskini. Unaijua ile mikutano. Jina linasomwa mbele ya watu wote, majirani wanasema kama ni kweli huyu hana, au anadanganya. Siku hiyo Kibeta nzima inavaa matambara. Mwenye viatu anaviacha kwao. Mimi nikavaa kitenge changu kizuri, maana nilikuwa natoka jumuiya, na pia kwa sababu nakipenda. Yule Ma Jeni wa barabarani akapayuka, "Mama Koku! Kitenge cha Krismasi kwenye mkutano wa maskini?" Nikamwambia, "Umaskini wangu uko mfukoni, haukupanda mabegani." Watu wakacheka.

Jina letu likasomwa. Majirani, Mungu awabariki, wakatusaidia haraka: "Mpitisheni, tunamjua, yule binti hana miguu." Mtendaji akawa tayari kuandika. Koku akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti mwendo chake.

"Miguu sina," akasema. "Kazi ninayo. Andikeni yote mawili."

Mtendaji akainua kalamu. Ningenyamaza, yangekuwa yamekwisha kwa heshima. Lakini mwanangu amesema maneno kama yale, mbele ya watu wale, halafu mama mtu ninyamaze? Nikasimama. Nikawaambia anafuma sweta ambalo mvua ya Bukoba inaligonga inaomba radhi. Nikawaambia Muleba nzima inamsubiri. Muleba nzima ni shule moja, lakini ndivyo ilivyotoka. Nikawaambia ana namba ya mlipakodi, nikaigawa kwa sauti tarakimu mbili mbili. Ma Jeni ananivuta kitenge, "Kaa chini wewe, unajitoa mwenyewe!" Mtendaji kashika kichwa. "Mama, ukisema hayo nitaandikaje kwamba hamna kitu?"

Nikamwambia, "Andika ulivyosikia. Halafu andika na hili: kazi haikumpa miguu. Mwenzake anashuka mjini kwa mguu bure, yeye anashuka kwa bajaji, anapanda kwa bajaji. Vidonda vya kukaa vinataka dawa awe na kazi, asiwe na kazi. Mmempa kwa sababu ya miguu, mbona mnataka kumnyang'anya kwa sababu ya mikono?"

Mwenyekiti wa mtaa akatikisa kichwa, akasema nimesema kweli, ila utaratibu hauko hivyo. Wakapeleka maoni juu. Majibu yakarudi: tumetolewa.

Sitakudanganya, miezi ile ilikuwa migumu. Tulikula ndizi bila samaki, na ziwa tunaliona pale chini. Nyuzi zilipanda bei. Kuna jioni nilimkuta Koku amelaza kichwa juu ya mashine, nikadhani analia, kumbe amelala. Nikamfunika khanga. Nilitaka kumwambia tuache, turudi tukaombe. Nikakumbuka ulivyolivaa lile sweta lenye mkono mmoja mrefu, nikatoka polepole.

Masweta yakaisha. Tukayapeleka Muleba wenyewe, mimi na yeye, kwenye gari la mizigo la shule, Koku mbele na dereva kama bosi. Wasichana wakayavaa pale pale uwanjani, rangi ya damu ya mzee na mstari mweupe shingoni, kibaridi cha Muleba kikakosa pa kuingilia. Mtawa akageuza moja ndani nje akatafuta kosa. Akakosa. Akasema, "Na mwakani." Neno dogo tu hilo. Koku akainama akajifanya anatengeneza gurudumu.

Ndipo akaja kijana wa makadirio ya kodi kwenye kibanda alichofungua Koku mjini. Wenye maduka ya jirani walikuwa wananung'unika, mmoja kafunga duka kajificha. Mimi kijana aliposema, "Dada, kodi yako kwa mwaka ni hii," nikapiga vigelegele. Maskini, alidhani ni dharau, akaanza kujieleza! Nikamwambia, "Baba, miaka yote serikali ilimtazama huyu ikaona mdomo wa kulishwa. Leo imeona mkono wa kutoa. Niache nishangilie, nikimaliza ndiyo nilalamike."

Nikamaliza, nikalalamika. Nikamuuliza nauli ya bajaji ameiweka wapi. Akatafuta, akasema, "Mama, hiyo haina sehemu." Koku akamjibu taratibu, bila hasira, "Unahesabu kinachoingia. Kinachonifikisha hapa hukihesabu." Kijana akasema atawaambia wakubwa wake. Sijui kama alisema. Alikuwa na uso wa mtoto aliyelelewa vizuri, huenda alisema.

Koku alilipa. Alikwenda mwenyewe, hakutaka nimsindikize. Aliporudi nikamuuliza imekuwaje, akasema, "Mama, imeniuma," halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mtu mzima mwenye vitu vyake. Jioni hiyo alikubali kazi ya wavuvi wa Bumbire, wanataka masweta mazito ya kuvaa usiku ziwani. Hakumwambia mtu nyuzi zimekwisha. Alisema, "Njoo baada ya wiki mbili," kwa sauti ya kufika barabarani, mlango wazi.

Huyo ndiye uliyemkuta anamenya ndizi. Mimi nilimzaa, sikatai, na nilimzaa vizuri. Lakini kumwamini kabla hajajiamini mwenyewe ni wewe uliyeanza, na mimi nikajifunzia kwako. Wakola, shoga. Neno lako hilo la pwani limenizoea kinywa.

Nikuahidi hili. Kila atakayekuja kukadiria nitamuuliza nauli ya bajaji iko wapi, na kila mkutano wa mtaa nitawauliza kwa nini mtu asiye na miguu achague kati ya msaada na kazi. Nitawauliza kwa adabu, kisha nitawauliza kwa Kihaya. Nikichoka mimi, kuna Koku, na yeye hasemi mengi, ndiyo maana wanamsikiliza. Zuhura naye usimwazie, Jumapili anakula kwangu, na futari nitampelekea.

Sasa niache, dada yangu. Bajaji inapiga honi nje na Koku ananiita nimshikie kiti apande. Wateja wake hawapendi kusubiri. Pumzika, Mama Zuhura. Mwenye kazi ameamka.

Wako,
Mama Koku