Siku Utando Ulipochanika

Mjukuu wangu Mwajuma,

Salamu za Ngorongo zikufikie huko kwenye barafu unakofanya utafiti. Mama yako hajambo, na mpunga umeanza kuchanua.

Umeniuliza kama si upuuzi kupima kila siku utando wa kijani wa mwani kwenye vijito vya barafu iliyoyeyuka, kisha kuandika, "Haujabadilika."

Mimi na dada yangu Zainabu, bibi yako, tulipokuwa wasichana tulichota maji mtoni Rufiji. Tope la ukingoni lilikuwa na utando kama huo, nami niliuangalia kila asubuhi. Siku moja niliukuta umechanika, alama pana ya mburuzo ikiingia majini. Zainabu alikuwa ameshainama na ndoo.

"Dada, rudi!"

"Niache, nimechelewa."

Nikamkamata khanga, nikamvuta kwa nguvu zote, tukaanguka chali. Maji yakapasuka. Mamba akaondoka na ndoo.

Tulibaki topeni tumeshikana.

Mwanangu, nisingeuangalia utando ule siku zile ambazo haukubadilika, nisingejua kwamba umechanika. Basi andika tu. Zainabu aliolewa mwaka uliofuata, akamzaa mama yako.

Bibi yako mdogo,
Mwanahawa