Sakafu Aliyoiosha Mama

Iloilo, 3 Machi 2014

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Tarehe ishirini nina usaili wa kikosi cha polisi kinachochunguza mahali palipotendeka uhalifu. Wenzangu wa chumbani wananifanyisha mazoezi: Rosalie analala sakafuni kama maiti, mimi namzungushia utepe na kumpiga picha. Jana maiti iliomba wali.

Majibu yote ninayo, isipokuwa moja: kwa nini unataka kazi hii? Nikisema "kulitumikia taifa" wananizomea. Ukweli unaujua. Baba alikutwa jikoni amepasuka kichwa, nawe ukaosha sakafu kabla polisi hawajafika. Mpaka leo hatujui kama alianguka au alipigwa. Niliseme hilo, Mama? Usiponiruhusu nitanyamaza.

Mwanao,
Jovelyn

Antique, 10 Machi 2014

Jovelyn, inday wangu, mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, lakini sokoni yananifikisha. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

Siku ile bibi yako alinikataza: nyumba yenye maiti haifagiwi, utaita kifo kingine. Nikamjibu sifagii, naosha. Majirani walikuwa njiani, sikutaka wamwone baba yako vile. Nilidhani namsitiri, kumbe nafuta. Naona aibu, mwanangu. Lakini sema. Na usiseme "mwanamke mmoja", sema "mama yangu".

Na ule kwanza. Tumbo tupu halijibu maswali.

Mama yako

Iloilo, 21 Machi 2014

Shikamoo Mama,

Hujambo? Nilisema. Wasaili walikuwa watatu. Mkubwa wao, mama mmoja, akauliza, "Ukifika ukamkuta mke anasugua sakafu, utafanya nini?" Jibu la kitabuni nalijua: msimamishe, chukua ndoo. Nikasema, "Kwanza nitamshika mikono. Ndoo haikimbii." Mmoja akacheka, mwingine akaandika. Sijui kama nimejiharibia. Nakupenda, Mama.

Mwanao,
Jovelyn

Antique, 2 Mei 2014

Inday wangu,

Sijambo, nawe uwe hivyo. Jana alikuja polisi. Hata hajaketi nikamwambia, "Ndiyo, mimi ndiye niliyeosha." Akanitazama. "Mama, nimetumwa kuuliza tu kama binti yako ni mlevi. Wanataka kumwajiri."

Nikamwambia hunywi, ila ni mbishi. Akacheka, akaaga.

Nikamwomba akae. Nikampa kahawa, nikamweleza siku ile yote tangu asubuhi, nani aliingia kwetu, nani alitoka. Alijaza kurasa tatu. Miaka kumi na miwili, Jovelyn, hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema.

Mama yako,
Consorcia